Njia Juu ya Makumbi

Kigingi cha kwanza Bi Mize alikigundua kwa goti. Alikuwa amezama kwenye tope la mikoko, chini ya mtaa wa Tibirinzi kisiwani Pemba, akipapasa shimoni kuona kama makumbi yake yameanza kulainika. Hayajalainika. Yalikuwa na miezi minne tu, na makumbi ya nazi hutaka minane ndani ya tope kabla ya kukubali rungu na kutoa usumba wa kusokotea kamba. Aliinua macho, akaona vigingi vingine, vyenye vichwa vyekundu, vimepita juu ya mashimo yake yote sita mpaka kona ya ukuta mpya.

Alichoka hapo hapo, kabla hajaambiwa kitu.

Aliyekuja kumwambia ni Sheha Mbarouk, kiongozi wa mtaa, aliyeteremka asubuhi ile pamoja na Suhail, kijana mpima wa mradi. Baada ya salamu ndefu Sheha alieleza. Inakuja njia ya mazoezi, ya kutembea na kukimbia, kutoka mjini Chake mpaka pwani, na itakuwa na matofali na viti. Watu wana sukari, wana presha, na daktari amewaambia watembee. Bi Mize naye alikuwa na presha, ila yeye daktari alimwambia apumzike.

Aliomba jambo dogo tu. Njia ipandishwe hatua kumi, ipite juu kwenye ardhi kavu. Mtu yeyote mwenye macho angeona kwamba huko ndiko ilikostahili kupita.

Suhail aliangalia karatasi yake. Alikuwa kijana mwenye adabu, na adabu ilimtesa.

"Mwanzo niliichora huko, bibi. Ofisini wakairudisha."

"Kwani kuna nini huko, mwanangu?"

"Kuna ukuta."

"Ukuta ule haujatimu mwaka. Mashimo yano miye n'meyakuta kwa mama, na mama kayakuta kwa mamake."

"Ukuta una hati, Bi Mize," Sheha alidakia. "Na mwenyewe ntu nkubwa. Weye una hati ya tope?"

Hakuwa nayo. Ardhi ni ya Serikali, hilo kila mtu analijua, na fomu ya fidia ya Suhail ilikuwa na safu mbili tu: miti na majengo. Kitu kilichofukiwa hakikuwa na pa kuandikwa. Hasira ilimpanda Bi Mize, ikafika kifuani, ikakosa nguvu ya kuendelea. Alikuwa mjane, na wajukuu wawili walikuwa wakila kwa kamba zile. Akaomba wamngoje miezi minne ayatoe. Sheha akasema kifusi kinamwagwa Jumatatu.

Basi akaanza kufukua mbele yao. Aliweka kumbi moja juu ya gogo, akalipiga kwa rungu. Kumbi likagoma. Akapiga tena na tena, nyuzi zikatoka fupi fupi, hazifai hata kufungia kuni. Sheha akatazama saa yake.

Suhail alikohoa, akafunua karatasi ya mwisho, akasema kwa sauti ya chini kwamba hapo penye mashimo patakuwa kituo cha tatu cha kupumzikia, na wakubwa wametaka pawekwe sanamu ya saruji: mwanamke wa Kipemba akipiga makumbi. Ni kumbukumbu ya utamaduni. Ameagizwa alete vipimo, na hajui pengine pa kuvipata.

"Uchutame tu kama unavyofanya siku zote, bibi. Sitakuchelewesha."

Bi Mize alimtazama Sheha. Sheha akamwashiria kwa kichwa akubali.

Akachutama, rungu mkononi, tope likimchuruzika miguuni. Suhail alivuta tepu kutoka kisigino hadi utosini, kisha bega kwa bega, akaandika. Akamwomba ainue mkono kidogo, kama anataka kupiga.

Akauinua. Suhail akamwambia abaki hivyo hivyo, bado hajapata urefu wa rungu.