Injini Iliyozaa Oili

Mimi ni mtu wa hasira, silifichi hilo. Mke wangu Kadidja husema nikifoka hata spana zinajipanga zenyewe. Basi wiki ile nilikuwa nimekasirika tangu Jumatatu.

Jirani yangu hapa mtaani Yoba, Sebastiani, alitengeneza ndege. Ndege kweli, si ya maneno: mabomba aliyoyachomelea mwenyewe, mabawa ya kitambaa, na injini ya rota aliyoitoa kwenye gari la Kijapani lililopinduka. Injini ya rota haina pistoni. Ndani yake mna pembetatu mbili za chuma zinazozunguka kama zimeingiwa na wazimu. Ndege ni yake, lakini injini ni kazi yangu. Na injini ilikuwa inatema oili.

Iliitema kupitia bomba la kupumulia, lile linalotoa hewa chafu nje. Ukiiwasha inaguna, inatulia, kisha pyuu! Mara ya kwanza ilimpata Mzee Simoni, aliyetoka Muyinga kuja kumtazama Sebastiani, kijana anayemtaka binti yake Christina. Mzee alikuwa amevaa koti jeupe, lile alilooa nalo huko Kigoma. Alijipangusa taratibu, akasema, "Nitarudi Jumamosi na koti jipya. Ikinitemea tena, Christina atabaki Muyinga."

Seba alikosa usingizi, nami nikakosa subira. Jumatatu nilirefusha bomba. Ikatema mbali zaidi. Jumanne niligeuza mdomo wa bomba uupe mgongo upepo wa propela; ikatema kando. Jumatano nilifungua injini nzima, nikabadilisha sili zote zinazozuia oili isivuje, nikafunga. Ikatema kwa raha, kama mtoto aliyebadilishwa nepi. Tena siku hiyo ilinuka maharage, nikadhani pua yangu nayo imeharibika.

Ijumaa ndipo nikafanya jambo ambalo ningelifanya mwanzo kabisa, kama hasira ingeniruhusu. Kabla ya kwenda kuswali nilipima oili, nikakwaruza alama kwenye kijiti cha kupimia kwa msumari. Niliporudi kwenye kibanda cha ndege, pale uwanjani Giheta, nikapima tena. Oili ilikuwa imepanda vidole viwili. Nimeona injini zinazokunywa oili, zinazovuja oili, zinazochoma oili mpaka mtaa mzima unafunga madirisha. Sijawahi kuona injini inayozaa oili.

"We Seba! Iyo mafuta inatoka wapi? Mi niliacha iko hapa, sasa iko huku juu!"

Seba alikuna kichwa. "Mama Lucia alipita, kaka Radjabu. Ametoka Itaba kwa miguu kuja kuona ndege. Alileta kichupa cha oili."

"Akamimina?"

"Ningemkatazaje? Mtu haji mikono mitupu."

"Na siku zingine?"

"Vijana wa pikipiki, wanne. Mwenye mashine ya unga. Na shangazi Melania, ila yeye alileta mawese, yale ya kuungia maharage."

"Mawese! Mu moteri ya ndege?"

"Nusu kikombe tu, kaka."

Nilikaa chini. Kwetu mtu akiwa na shughuli, kila mgeni huja na chake, na mwenyeji hakatai. Mtungi wa pombe hufaidika kwa desturi hiyo. Injini haifaidiki: ukiijaza kupita alama, inatapika ziada yote. Nikamwaga kila kitu, nikatia oili mpya hadi chini kidogo ya alama, nikawasha. Robo saa nzima, bomba kavu! Seba alinikumbatia, nami nikamtukana kwa furaha.

Nikataka kufunga kifuniko kwa kufuli. Seba akakataa. "Watasema nimeanza maringo hata kabla sijaruka." Basi nikatengeneza mdomo wa uongo: faneli inayong'aa ubavuni mwa ndege, na nyuma yake mpira unaoshuka hadi kwenye bidoni, yaani dumu, lililofunikwa gunia. Wageni wamimine huko mpaka wachoke.

Jumamosi Mzee Simoni alikuja na koti jipya, jeupe, viatu vyeupe pia, na Christina nyuma yake. Seba akaruka. Alipanda kimo cha migomba miwili, akavuka uwanja, akarudi, akatua. Mzee akasogea, akapitisha leso nyeupe mdomoni mwa bomba la kupumulia. Leso ikatoka safi. Christina akacheka kwa sauti, na nusu ya Giheta ikacheka naye.

Mzee akatoa chupa ya oili kikapuni. "Huwezi kuja kwa mkwe mikono mitupu," akasema. Mkwe! Wote tulisikia. Akaanza kumimina kwenye faneli, taratibu, mpaka tone la mwisho.

Hapo ndipo nikakumbuka kwamba tangu asubuhi watu wapatao arobaini walikuwa wamepita pale wakitoka sokoni, na hakuna aliyekuja mikono mitupu. Bidoni lilifurika. Oili ikatoka chini ya gunia, ikaenda moja kwa moja kwenye viatu vyeupe.

Kicheko cha Christina kilikatika. Seba alinitazama kama mtu aliyefiwa. Niliogopa, nasema kweli. Nilijua nimevunja ndoa ya watu kwa bidoni.

Mzee akainama, akafunua gunia, akaufuata mpira kwa kidole hadi kwenye faneli. "Nani kafanya hivi?"

"Ni mi, Mzee. Kosa iko yangu. Watu wanamimina tu, na uyu hajuwi kukatala mutu."

"Nimeendesha lori miaka ishirini na minane," akasema. "Mdomo wa injini naujua. Huu niliuona tangu mwanzo kwamba si wenyewe."

"Sasa juu ya nini ulimimina, kama ulijuwa?"

"Kijana amehangaika hivi ili asiniaibishe, nami nimwaibishe mbele za watu?" Akamgeukia binti yake, akimwonyesha Seba kwa kidole. "Mwanangu, huyu atakusikiliza."

Kisha akavua viatu, akanikabidhi. "Utavisafisha wewe, fundi. Nitavivaa siku ya harusi."

Nimevisugua kwa sabuni mara saba. Bado vinanuka maharage. Kumbe shangazi Melania alikuwa amepita tena asubuhi ile.