Waliozuiwa kwa Salamu

Saa nne asubuhi Lusekelo alifungua chumba cha seva katika ofisi moja ya walimu jijini Mbeya, akamkuta Mwalimu Apolonia bado amekaa juu ya boksi la nyaya, sweta amelifunga mpaka shingoni. Saa hiyohiyo mwalimu huyo alikuwa Mbalizi pia, akifundisha darasa la tatu. Kila ambaye barua pepe yake ilizuiwa na chujio la kompyuta za ofisi alikaa humo, barua mkononi, na siku hiyo walikuwa kumi na sita. Lusekelo alishazoea kuwaletea chupa kubwa ya chai.

Sheria ya chujio aliitunga yeye, kwa agizo la bosi wake, Bwana Eliezeri. Matapeli huanza na salamu ndefu, alisema bosi, basi barua yenye salamu ndefu isipite. Matapeli wakaacha kusalimia, wakawa wanapita bila shida. Walimu, watu waliolelewa, ndio wakajaa chumbani.

Apolonia aliomba uhamisho wa kwenda Iringa kwa mumewe Clement, aliyepooza tangu mwaka juzi, akabaki na jirani wa kumgeuza kitandani. Barua yake ya saba ilianza kwa kuwajulia hali wafanyakazi wote, watoto wao na mvua za huku. Lusekelo alimshauri azikate hizo salamu.

"Nimweleze mtu shida yangu bila kumjulia hali, mwanangu? Hiyo siwezi."

Aibu ilimshika Lusekelo. Bila kumwuliza bosi, akaiingiza anwani ya mwalimu kwenye orodha ya watumaji wanaoaminika. Ukutani, nyuma ya seva, mlango ukafunguka. Apolonia akaaga mmoja mmoja, akapanda ngazi. Waliobaki wakasogea kugawana boksi.

Baada ya wiki mbili Apolonia alishuka kufuata kikombe chake. Lusekelo akamwamkia, akauliza kama bosi ameisoma barua.

Bado. Ila huko juu, alisema, wanaoaminika wana viti vya kitambaa na dirisha, nao ni wengi kuliko wa humu. Mmoja anangoja tangu enzi za taipureta.

"Na mzee Clement, hajambo?"

"Jirani bado anamgeuza. Juzi huyo jirani naye amepata homa."

Apolonia akajaza chai, akawaulizia hali wote kumi na watano, akarudi juu kungoja.