Nyasi za Nyuma ya Kilima

Upawa uligonga ukingo wa sufuria kabla hakujapambazuka. Bibi Sevjid alikuwa akichota chai na kuimimina tena humohumo, akichota na kumimina, mpaka maziwa na chumvi vichanganyike. Mwanawe Jamsran alikuwa bado amejifunika. Nje ya hema mbwa wakaanza kubweka.

Mgeni alikuwa Lodoi, jirani wao wa zamani kutoka ng'ambo ya mto, nyusi zimeganda barafu. Sevjid alimjazia bakuli hata kabla ya kumuuliza habari za mifugo. Jamsran akamtazama mama yake, kisha akafumba macho. Juzi tu alikuwa amemsihi kwamba, kwa ubaya wa msimu huu, anayekuja aseme shida yake kwanza ndipo amiminiwe chai, maana aliyekwisha kunywa chai yako humnyimi malisho. Lakini mkono wa kizee una mazoea yake.

Lodoi alikunywa mabakuli mawili ndipo akasema. Kwake theluji iliyeyuka kidogo kisha ikaganda kama kioo, wanyama hawafikii nyasi zilizo chini. Kundi lake lote lilikuwa bondeni, mbuzi wengi kuliko kondoo. Aliomba lilishwe nyasi za Sevjid nyuma ya kilima mpaka baridi ipungue.

Nyasi hizo ndizo Sevjid alizozitegemea kuvusha mifugo yake hadi majira ya kuchipua. Kiangazi kizima alizilinda juu ya farasi, magoti yakimuuma, akiwafukuza hata mbuzi wake mwenyewe. Zikiisha mapema, mifugo yake nayo itakufa.

"Kaka Lodoi," Jamsran alisema, "mbuzi wote hao wa nini? Unataka kuivisha sweta dunia nzima?"

Lodoi alicheka kwa uchovu. "Bei ya manyoya ikipanda, naongeza mbuzi. Ikishuka, naongeza mbuzi ili nipate kilekile. Wewe hufanyi hivyo?"

Manyoya laini ya mbuzi wao ndiyo yaliyokuwa yakimsomesha Solongo, binti wa Jamsran, mjini. Sevjid alikumbuka enzi za ushirika wa wafugaji chini ya serikali, kiongozi alipowaamuru wahame lini na wapi, nao wakamsengenya kila jioni. Siku hizi mnunuzi hutaja bei tu, na hakuna wa kusema nyasi zipumzike lini. Hakuutamani ushirika ule urudi. Alikuwa amechoka tu.

"Kaa, mwanangu," alimwambia Lodoi.

Lodoi akaenda kuziangalia nyasi, akakawia huko. Aliporudi alisema ataacha ng'ombe na kondoo waliodhoofu tu. Mbuzi atawashusha barabarani kwa wachuuzi wa nyama, kwa bei yoyote watakayompa. Sevjid alimwambia wachuuzi watamnyonya, awaache mbuzi angalau wapate nguvu kidogo.

"Mama, wale hung'oa na mizizi. Nawajua, ni wangu."

Sevjid akachochea jiko, ingawa moto haukuhitaji kuchochewa. Kisha akamwambia Jamsran atoe na nusu ya mbuzi wao, washuke pamoja.

"Na ada ya Solongo?"

"Sijui, baba. Sijui."

Jamsran akasimama. Mama yake alidhani atatoka kwa hasira. Badala yake alichukua glavu zake zilizokauka juu ya jiko, akamwekea Lodoi mapajani, naye akavaa zile mbichi za Lodoi. Sevjid aliliona hilo, akainama ili wasimwone uso.

Lodoi alikuja kuchukua wanyama wake baridi ilipolegea. Nyasi zilikuwa fupi, lakini mizizi ilikuwamo ardhini. Ada ya Solongo ilikuwa bado haijapatikana. Kundi la Lodoi lilipita mbele ya hema kwa muda mfupi tu, na yeye alikuwa nyuma yake, amevaa glavu za Jamsran.

Sevjid alitoka na maziwa, akayarusha angani kwa upawa nyuma ya msafiri, kama afanyiwavyo kila aondokaye. Lodoi akageuka juu ya farasi.

"Uje tena," Sevjid alimwambia. "Uje hata kama huna mnyama wa kulisha."