Jina la Mourine Kwenye Skrini

Mwaka wa tisini na tisa, duka langu la kuchapa hapa Migori lilikuwa halikosi watu. Hata asiye na kazi alipitia kusikia ya mji. Ijumaa hiyo walikuwa tisa, wote kwa ajili ya Mourine, mke wa pili wa marehemu Simeon, aliyekuwa anazikwa kesho yake Homa Bay. Mourine alitaka shangazi zake waone kwa macho yao jina lake kwenye programu ya mazishi. Asiposomwa kaburini kama mke, boma hana tena, yeye na watoto wake.

"Tony, waonyeshe," nikasema.

Tony, opereta wangu, alikuwa na kifaa kipya ndani ya kivinjari. Programu ya mazishi hakuiandika yote mwenyewe. Maombi aliyavuta kutoka ukurasa wa kanisa, na wake wa marehemu kutoka ukurasa wa ukoo, anaoutunza Elkana, ndugu wa marehemu, ofisini kwake Homa Bay. Tony aliandika tu: lete aya ya nne ya Elkana. Elkana akirekebisha kule, huku kunabadilika kwenyewe. Asubuhi Mourine alikuwa amejiona hapo.

Tony akaufungua upya ukurasa. Wake wa marehemu: Orpah, mikayi, mke wa kwanza.

Basi. Hakuna mwingine.

"Mourine wetu yuko wapi?" shangazi akauliza.

"Sijagusa kitu, mama! Maneno yako Homa Bay, si hapa."

"Si nilisema?" akadakia muuza mitumba aliyejibana mlangoni. "Huyo Orpah hata matangani alikuwa anamwangalia vibaya!"

Laini ya simu ilikuwa hiyo hiyo moja ya intaneti. Tony akakata intaneti, Mourine akapiga.

"Shemeji Elkana, umenifuta?"

Tulisogea wote. "Nani akufute?" Elkana akajibu. "Mbona nakuona hapa!"

"Mwongo! Umetumwa na yule mchawi. Alimmaliza Simeon, sasa ni zamu ya watoto wangu. Kesho gari la maiti haliingii boma, nitalala mbele ya tairi!"

"Mchawi amekusikia." Sauti ilikuwa nyingine, ya polepole. Orpah, kumbe alikuwa hapo ofisini kwa Elkana. "Nilimwambia Elkana anitenge, mikayi hachanganywi na wengine. Wewe na watoto mko chini yangu, mahali penu. Nimewasoma mwenyewe mara mbili."

Tony akashika kichwa. "Wake wote wawili walikuwa aya moja. Sasa ni mbili, na mimi navuta ya nne peke yake. Mama, weka simu."

Mourine akaiweka kama inayomchoma. Modemu ikalia, ikakatika, ikalia tena. Tony akaongeza aya ya tano. Maombi yakaja, Orpah akaja, halafu hakuna. Shangazi akanifinya mkono. Kisha: Mourine, nyachira, mke wa pili. Watoto: Joyline na wadogo zake watatu.

"Wueh!" watu wakapumua.

"Nichape?" Tony akauliza.

Mourine alikuwa anaangalia simu. Kesho angeketi bega kwa bega na Orpah, aliyetoka kumwita mchawi, mbele ya jeneza.

"Kata intaneti tena."

"Tuchape kwanza, mama, ukurasa usije ukapotea."

"Kata, nimesema. Na nyinyi wote, nje!"

Hata mimi nilitoka, dukani mwangu mwenyewe, nikajibanza dirishani.

"Nyieka," nilimsikia akisema, "mke mwenzangu, usikate."

Halafu lori la kwenda Macalder likapita likinguruma, na alichojibiwa sikukipata.