Chembe cha Moyo

Mimi, Deodatha, muuguzi mkunga, si mtu wa subira, na wanaonijua hawahitaji kuambiwa. Lakini kila Jumatano saa nne asubuhi nilikuwa nakaa kimya mbele ya redio ya upepo ya kituo chetu cha afya kama mtoto wa komunyo, daftari mapajani, kwa sababu ndiyo saa ya masomo.

Masomo yenyewe yalianza mwaka themanini na saba. Daktari bingwa wa hospitali moja kubwa, mbali sana na kwetu Karagwe, alikuwa anawafundisha kwa redio hiyo madaktari na wauguzi wa vituo kumi na viwili bila mtu kuondoka kazini. Anasoma somo, anauliza maswali, kisha kila kituo kinaleta mgonjwa mmoja wa kujadiliwa. Sisi tulikuwa Kituo cha Nane. Bingwa alikuwa Mzungu mwema, Kiswahili alikisomea darasani na akakipenda, kwa hiyo aliweka sheria: redioni hakuna Kiingereza, ili hata muuguzi wa mwisho afuate. Sheria ya pili ilihusu namna ya kumweleza mgonjwa. Maneno ya mgonjwa mwenyewe kwanza, halafu ulichokiona, halafu vipimo. Ukianzia kwenye vipimo anakurudisha nyuma, na vituo vyote vinasikia unavyorudishwa. Mimi nilisharudishwa mara mbili na sikutaka ya tatu.

Jumatano ile ya Novemba, mvua ikiwa na wiki nzima, aliletwa Mukandekezi. Alikuwa na mimba ya miezi minane, ya kwanza. Mumewe, Mbonimpa, Mrundi aliyekuwa kibarua kwenye mashamba ya kahawa ya Chonyonyo, alimleta juu ya baiskeli akiisukuma kwenye matope tangu alfajiri.

"Shikamoo sista," binti akasema. Miguu ilikuwa imevimba hadi viatu vya plastiki vimeacha alama. "Kichwa kinauma. Na hapa." Akaweka kiganja juu ya tumbo, chini kidogo ya kifua. "Chembe cha moyo."

Nilimpima presha: mia na themanini kwa mia na ishirini. Nilichemsha mkojo wake kwenye kijiko, ukaganda mweupe kama ute wa yai. Mkunga yeyote anajua hapo kinachofuata ni kifafa cha mimba, na dawa yake ya kweli ni kumtoa mtoto, na upasuaji sisi hatukuwa nao. Tulihitaji gari la hospitali ya wilaya, na gari halikuwa linatoka bila amri ya daktari. Pikipiki ya kituo ilikuwa gereji tangu Agosti. Saa nne ilikuwa inakaribia. Nikasema Mungu mkubwa, leo madaktari wote wako hewani, gari litatoka mara moja.

Nikamwita msaidizi wangu Renatha, nikampa baiskeli ya Mbonimpa aende parokiani kumwomba padri gari, kwa tahadhari tu. Njia hiyo wakati wa kiangazi ni saa moja na nusu. Kwa matope sikutaka kuhesabu.

Somo la siku hiyo lilikuwa magonjwa ya moyo. Bingwa alipomaliza nikaomba nianze mimi, nikaruhusiwa. Nikabonyeza kitufe, nikafuata utaratibu kama nilivyofundishwa.

"Kituo cha Nane. Mama mjamzito, miezi minane, amevimba miguu, anaumwa chembe cha moyo..."

Nilikuwa nimefungua mdomo kutaja presha. Taa nyekundu ya redio ikafifia, ikazimika. Wiki nzima bila jua, betri ya sola ilikuwa imebakiza nguvu ya kusikia tu. Kusikia hakuli umeme mwingi. Kusema ndiko kunakokula.

"Asante sana, Kituo cha Nane," Bingwa akasema, sauti safi kabisa. "Mgonjwa mzuri kwa somo la leo. Mjamzito, amevimba miguu, moyo unamwuma. Tufikiri pamoja. Kituo cha Tatu, moyo huu una nini? Ova."

Wala simlaumu. Mtu aliyejifunza lugha kitabuni atajuaje kwamba chembe cha moyo hakina uhusiano na moyo, kwamba ni tumbo pale juu? Ningesema kwa Kiingereza angeruka kitini. Ningeanza na presha angeruka kitini. Nilibonyeza tena. Kimya. Nilichomoa nyaya, nikakwangua kutu kwa wembe, nikarudisha. Nikabonyeza haraka haraka ili wasikie hata mkwaruzo, na kweli wakausikia.

"Kuna mtu anachezea kitufe," Kituo cha Tatu kikalalamika. "Aache, tunapotezeana masomo. Ova."

Basi nikasikiliza. Kituo cha Tatu kikasema moyo umechoka. Cha Sita kikasema mlango wa moyo umeharibika tangu utotoni. Daktari wa wilaya, ambaye gari lilikuwa mkononi mwake, akauliza kama atume gari Kituo cha Nane.

"Hapana," Bingwa akajibu kwa upole. "Barabara ni mbaya. Moyo kama huu ukitikiswa utasimama. Alale ameinuliwa kichwa, apewe dawa ya kupunguza maji, apumzike. Wote mwandike hiyo. Ova."

Wenzangu wanaojua chembe cha moyo ni nini walikuwapo, lakini nani angemsahihisha Bingwa hewani? Msema pweke hakosi. Vituo kumi na kimoja vikaitikia kwamba vimeandika. Nililia kwa hasira, nikaipiga ile redio kofi, na yenyewe ikaendelea kufundisha.

Mbonimpa alikuwa dirishani muda wote huo, kofia mkononi, akisikiliza. Sikuwa na nafasi ya kumweleza neno. Nilirudi kwa mkewe, nikamchoma sindano ya usingizi niliyokuwa nayo, nikafunika dirisha kwa kanga ili mwanga usimchokoze. Saa sita kasoro kifafa kikaanza. Kikamwachia, kikarudi. Sindano ya pili ndiyo ilikuwa ya mwisho kabatini. Nilimgeuza ubavu, nikamfuta povu, nikasikiliza moyo wa mtoto hadi nikawa siusikii. Baada ya hapo kazi yangu ilikuwa kumshika asianguke. Mukandekezi alikata roho saa nane na nusu, na mtoto wake tumboni.

Gari la padri lilifika saa tisa na robo, Renatha mbele, matope hadi kiunoni. Likabeba maiti badala ya mgonjwa. Tulimfunga kwa shuka ya wodi na mkeka, nikamsaidia Mbonimpa kupanda nyuma akae naye.

Alikuwa hajalia. Aliinama kutoka juu ya gari akaniita.

"Sista, wale madakitari wote, walikuwa wanamusema Mukandekezi?"

"Ndiyo."

"Muda wote ule?"

"Muda wote ule."

Akatikisa kichwa polepole, akitafuta maneno ya Kiswahili. "Miaka mitatu tuko hapa, hakuna mutu alimuuliza hata jina. Na leo wakubwa wa mukoa muzima wanamuhangaikia, wanaandika. Nitawaambia mama yake na ndugu zake. Nitasema hawakumuacha, ni moyo wake tu ulikuwa mubovu."

Akanipa mkono, wa kushoto ukiwa umeushika wa kulia, jinsi kwao wanavyomshukuru mtu mkubwa. Nilijua napaswa kumwambia. Nilikuwa na maneno yote, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, presha na mkojo na gari lililobaki limeegeshwa. Dereva akawasha injini.

"Asante, sista," Mbonimpa akasema.

"Asante na wewe," nikamjibu, nikafunga bodi ya gari, nikapiga bati mara mbili ili dereva aondoke.