Dude Jekundu la Shangazi

Asubuhi ya mwisho ya Shangazi bwawani, mpwa wake alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, roho juu, akiomba samaki mmoja tu, besi, aume chambo. Mpwa huyu alikuwa msusi, na uvuvi aliujua kwa kutazama tu. Adhuhuri lori la mizigo lingekuja, na Shangazi, aliyemlea tangu utotoni, angehamia kwa mwanawe, ghorofani, katika jiji ambalo maji yake yote hutoka bombani. Msusi hakutaka aondoke mikono mitupu.

Tena alikuwa na lake moyoni. Chambo kilichokuwa kikirushwa ni zawadi yake: samaki wa plastiki, mwekundu, mnene, mwenye njuga tumboni na ndoana kila upande. Dukani kilimpendeza mno. Shangazi alipokifungua jana alikibusu, akakipa jina hapohapo: Dude. Tangu kulipokucha alikuwa akilirusha Dude, akilivuta, akilirusha tena, na bwawa limenuna.

Fundi wa kuchomelea vyuma, jirani yao wa siku nyingi, akapita na ufito wake wa kuvulia begani. Akasimama kutazama Dude likitua majini kwa kishindo.

"Shikamoo, mama. Leo kuna nini? Baridi yote hii, na wewe unawarushia mdude huo?"

"Marahaba. Nashughulika na yangu."

"Si wewe uliyenifundisha? Maji yakipoa samaki anakuwa mvivu, punguza chambo, punguza mwendo."

"Nenda zako, mwanangu, utanifukuzia samaki."

Fundi akaenda zake akicheka. Msusi hakucheka. Uso ulimwiva kwa aibu, maana sasa alielewa kwamba Shangazi alijua tangu mwanzo.

"Shangazi, kumbe halifai?"

"Linafaa sana. Ila si leo."

"Na bado unalirusha?"

"Umeninunulia wewe."

Msusi akavuta kamasi. "Nakuomba ulitoe. Nataka nikuone ukivua vile unavyovua."

Shangazi akafungua kisanduku chake cha vyambo. Kuanzia hapo ilikuwa raha kutazama. Akachagua mnyoo wa mpira wenye rangi ya matope, akaupima kwa jicho, akaukata mkia kwa meno, ile tabia yake ya kukata uzi tangu miaka alipokuwa mshonaji wa cherehani. Akautia kwenye ndoana ndogo, akaurusha kando ya gogo lililozama, na maji hata hayakushtuka. Akauacha uzame. Hakuvuta. Msusi, ambaye saluni hajui kukaa kimya, alijikuta amebana pumzi. Ndipo Shangazi akaitikisa ncha ya ufito kidogo sana, mnyoo ucheze palepale ulipo, akatulia tena.

Hakuna kitu. Akaurudisha, akaukata tena, ukabaki kipande cha kuchekesha.

"Hicho si kitamtia hasira tu?" msusi akanong'ona.

"Hana njaa huyo. Humpakulii sinia, unampitishia tonge mdomoni."

Akaurusha upande wa kivuli. Akangoja. Akatikisa, akangoja zaidi. Mshipi ukaanza kujongea pembeni, polepole, na Shangazi akanyanyua mikono yote miwili. Ufito ukapinda. Akampa samaki nafasi ya kukimbia, akamrudisha, akampa tena, bila papara, mpaka besi akafika ukingoni, tumbo nene, kinywa wazi.

Msusi alilia wala hakujificha. Hakuwahi kumwona mtu anayejua kitu kiasi kile. Na mtu huyo ndiye aliyekubali kuonekana hajui, asubuhi yake ya mwisho, mbele ya jirani, kwa ajili yake.

"Usinililie, nishikie samaki," Shangazi akasema.

Adhuhuri, mizigo ilipokwisha kupakiwa, Shangazi alimwachia msusi ufito na kisanduku. "Kule nitavua wapi, bafuni?" akasema. Wakakumbatiana, na dereva akawasha gari.

Lori lilipokata kona, msusi aliketi kizingitini akafungua kisanduku. Minyoo ya mpira ilikuwapo yote, na ndoana ndogo, na vipande vya risasi vya kuzamishia. Kila chenye kazi Shangazi alikiacha. Alichochukua ni Dude.