Kofi Lililovunja Bendi

Siku ya pili hii Nigel yuko nyumbani kwa Abdullatif, na hajaruhusiwa kumaliza sentensi. Kila akifungua kinywa kusema, kinywa kinajazwa. Jana mkate wa kumimina, adhuhuri biriani, alasiri halua na kahawa. Leo asubuhi vitumbua, na supu ya pweza juu yake. Simu aliyokuja nayo kurekodia imelala mezani, imeenea mafuta ya sambusa.

"Latif, kuhusu lile onyesho letu la mwisho..."

"Kula kwanza, bwana! Kwetu mgeni hazungumzi na tumbo tupu."

Tumbo tupu! Mzungu wa watu shati lilikuwa limeshamkataa vifungo. Lakini nani Bagamoyo anakubali mgeni asukume sahani? Abdullatif, Mwarabu muuza vitambaa mtoto wa muuza vitambaa, aliijua desturi hiyo vizuri, na safari hii alijificha nyuma yake.

Alikuwa anaficha nini? Haya, sikiliza. Mwaka themanini na moja baba yake alimpeleka Uingereza kusomea uhasibu. Uhasibu wenyewe aliusoma juu juu tu. Huyu mzee unayemwona leo na kanzu yake iliyopigwa pasi alikuwa mpiga kinanda wa bendi, wallahi. Muziki wao waliuita nyuwevu, yaani wimbi jipya: nywele zimesimama, kinanda cha umeme kinalia, na mwimbaji, ndiye huyu Nigel, anaimba utadhani kafiwa. Bendi iliitwa Alhamisi ya Plastiki, jina ambalo hata kwao Uingereza halikuwa na maana. Haikumaliza mwaka. Ilitoa santuri moja tu. Huku nyumbani Abdullatif aliisimulia kila penye kahawa: "Ilibaki kidogo tu tuiteke Uingereza!" Ila ilikufaje, hilo hakumwambia mtu, hata mkewe Miza.

Ilikufa hivi. Bwana mmoja wa kampuni ya santuri alikuja kuwasikiliza, na vijana wakajua mkataba umefika. Sasa, vijana wa Kiingereza wa enzi hizo walikuwa na wazimu wao: wakiipenda bendi, wanaitemea mate. Ndiyo, mate! Ndiyo pongezi yao. Wenzake, Nigel, Clive na Trevor, walimweleza Abdullatif mapema, naye akaitikia kwa kichwa kuwa ameelewa. Lakini mtoto wa pwani amelelewa akijua kwamba mtu akikutemea mate amekutukana wewe na waliokuzaa. Yalipomtua shavuni, aliruka kutoka jukwaani na kumnasa mtemaji kofi lililoshinda ngoma kwa sauti. Kumbe ndiye yule bwana wa kampuni. Bendi haikupiga tena.

Na sasa Nigel anaandika historia ya bendi. Abdullatif alikosa raha tangu aliposikia habari hiyo, maana jina la ukoo wake litaingia kitabuni kuwa ndilo lililoua bendi. Kwa hiyo, na ale.

Aliyechoka kwanza ni Miza. Alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Baba Huda, hebu niambie. Huyu ni mgeni au unamnenepesha tumchinje Idi? Mikono yangu imekwisha kwa kukuna nazi!"

"Mama Huda, taratibu, mgeni anasikia."

"Na asikie!" Miza alivuta kiti, akaiondoa sahani mbele ya mgeni, akakaa. Alisomesha Kiingereza miaka mingi shule moja huko Zinga, na alimgeukia Nigel kwa sauti iliyowahi kuwatoa jasho wavulana wengi. "Sema kilichokuleta."

Nigel alitazama meza pale sahani ilipokuwa.

"Latif, sikuja kukuuliza kitu. Nimekuja kukiri. Yule bwana alikuwa ameshatukataa. Aliniita nyuma ya jukwaa kabla hatujaanza, akasema nyimbo zetu zinalia kama bawaba kavu. Sikuwaambia. Nilitaka tupige mara ya mwisho kwa furaha. Halafu akaja mbele, akakutemea kwa dharau. Ukampiga, wote wakakulaumu wewe, nami nikanyamaza. Nikanyamaza miaka yote hii."

Abdullatif alimwinamia.

"Kwa hiyo alinitukana kweli?"

"Kweli kabisa."

"Alhamdulillahi!" Akapiga meza kwa furaha. Halafu maneno yakamwingia sawasawa, na uso ukambadilika. "Mshenzi wee! Maiti ya bendi nimeibeba peke yangu mpaka mvi zimeniota, na wewe unajua? Nilishindwa hata kuwaandikia kina Clive kwa aibu!" Machozi yalimtoka, wala hakujali kuyafuta. Miza alimshika mkono.

"Kitabu kitasema ukweli," Nigel alisema taratibu. "Hukuivunja wewe. Tulikataliwa kwa sababu tulikuwa wabovu."

Abdullatif alimgeukia.

"Clive umemwambia?"

"Clive amefariki. Mwaka juzi. Na Trevor kabla yake. Tumebaki mimi na wewe. Mtoto wa Clive ametundika picha yetu sebuleni. Anawaambia wanawe kwamba babu yao alikuwa karibu kuwa mtu mkubwa, kama si lile kofi."

"Inna lillahi." Clive ndiye aliyevua koti lake mwenyewe akampa Abdullatif, baridi ya kwanza ilipomkuta na shati la mikono mifupi. "Nigel, tulikuwa wabovu kiasi hicho?"

"Kinanda ulikuwa unakipiga kwa vidole viwili."

"Vitatu!"

"Cha tatu kilikuwa kinapotea."

Miza aliuma midomo asicheke. Abdullatif alifuta uso kwa kiganja, akaisafisha simu ya mgeni kwa pindo la kanzu, akaisogeza mbele yake.

"Andika lile kofi," alisema.

"Lakini Latif, si kweli kwamba ndilo lililotuvunja. Watu watakulaumu."

"Na wanilaumu! Andika bendi ilikuwa moto, mkataba uko mezani, kalamu imefunguliwa, akatokea Mwarabu mmoja wa Bagamoyo akaharibu. Weka jina langu kamili na la baba yangu, wasimdhanie mtu mwingine."

"Una hakika?"

"Wale wajukuu wa Clive utawaambia nini? Washa hicho kitu."

Nigel aliiwasha. Abdullatif alikaa vizuri, akakohoa kidogo, akaanza kujisingizia.